Meno ya Mwonjaji Chai

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila baridi haina adabu. Baba ananiambia ile simu tuliyokununulia umeifanya kizuizi cha mlango. Basi nimesalimu amri. Nimenunua karatasi na bahasha. Ukitaka barua, utaandikiwa barua.

Nianze na kubwa. Mwonjaji Mkuu wetu, yule tunayemwita Mzee Kijiko, anastaafu mwisho wa Aprili. Ameonja chai ya kiwanda hiki miaka thelathini na mmoja. Nafasi yake tunaigombea wawili: mimi, na jamaa mmoja aliyehamishwa kutoka ofisi ya mauzo, ambaye huvaa tai hata siku ya jua kali, nasi hatumwiti jina jingine ila Tai. Tarehe 14 Aprili wanakuja wanunuzi. Watatupangia vikombe arobaini visivyo na alama, na kila mmoja wetu aseme chai ya kila kikombe imetoka shamba gani na ina kasoro gani. Atakayepatia zaidi ndiye mkuu.

Unakumbuka niliingia hapa kufunga makasha kwa gundi. Miaka tisa iliyopita. Nilipanda mpaka chumba cha kuonja kwa ulimi wangu tu, sikubebwa na mtu. Kitu hiki nakitaka hadi kinanikosesha usingizi.

Sasa ombi dogo. Kuna rafiki yangu hapa kazini anataka kile kifuniko chembamba cha plastiki cha kuvalia kwenye meno, cha juu na cha chini. Nimemwambia shangazi yangu ndiye fundi wa mambo hayo. Nimenunua ule udongo laini wa kuchukulia alama, ameung'ata, na alama zake nimeziweka kwenye kikopo humu ndani ya furushi. Usiniulize ni nani. Ana aibu.

Mtoto wa kaka yako,
yule mwenye kelele

———

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Simu si kizuizi cha mlango, ni cha dirisha. Mwambie baba yako aache uzushi. Nimekaa na mashine ya kusagia meno bandia sikioni miaka ishirini na sita. Kwangu simu ni nzi aliyeingia kwenye chupa. Barua naisikia yote.

Kuhusu vikombe arobaini sina wasiwasi nawe hata chembe. Ulimi huo ni wa ukoo. Bibi yako alikuwa akipita tu jikoni kwa watu anajua nani kazidisha chumvi, na alikuwa hajui kunyamaza. Wewe ulirithi vyote viwili.

Hapa karakanani mambo ni yaleyale. Daktari anang'oa kule mbele, mimi nabandika huku nyuma. Plasta, ule unga mweupe wa kumwagia alama za meno, imenijaa hadi kwenye nyusi. Wiki hii nimetengeneza seti nzima ya bwana mmoja anayetaka meno ya juu yawe na mwanya, kwa sababu mkewe alimpendea mwanya. Nimemwekea mwanya wake, akalia kama mtoto.

Kifuniko cha rafiki yako hiki hapa. Nimekibana vizuri, kimepanda hadi juu ya ufizi, hakitacheza hata apige chafya. Avae akienda kulala, asubuhi akioshe kwa maji baridi. Na umwambie hivi, kwa maneno yangu: mtu anayesaga meno usingizini huwa ana jambo zito moyoni, na si aibu. Apunguze mawazo. Kazi itakuja tu.

Shangazi yako,
fundi wa meno ya watu

———

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Rafiki yangu kashukuru sana kwa kifuniko. Anasema kimemkaa kama alizaliwa nacho.

Meneja wetu mpya kaleta jambo. Alituita mimi na Tai akasema mkuu ajaye ndiye atakayepigwa picha ya kubandikwa kwenye makasha yote, “kwa hiyo tunataka tabasamu la kuuza.” Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akinitazama mdomoni. Tai ana meno meupe pepepe, ameonja chai miezi minane tu. Mimi nina miaka sita ya vikombe mia mbili kwa siku. Unajua yanavyokuwa.

Rafiki yangu ana swali. Anasema siku hizi akinywa kitu cha moto anapigwa shoti kwenye jino, na akivuta hewa baridi ni vilevile. Ufizi nao umekuwa na weupe pembeni, kama ngozi iliyoungua. Ni kawaida? Au atapona mwenyewe?

Zaidi ya hapo salama. Juzi kuna shehena ilirudishwa na mnunuzi, ilikuwa na harufu ya moshi, na sahihi ya aliyeionja ni yangu. Nilikuwa nimechoka tu. Usimwambie baba.

Mtoto wa kaka yako

———

10 Machi

Wewe mtoto,

Sina salamu leo.

Rafiki yako ana jino la mbele la juu, upande wa kushoto, limekatika pembe. Alilikata akiwa na miaka tisa, akifungua chupa ya soda kwa meno mbele ya binamu zake ili aonekane shujaa. Najua kwa sababu aliyembeba mgongoni hadi kliniki ni mimi, na damu yake iliharibu gauni langu la kijani ambalo hadi leo sijapata mfano wake.

Nilikujua siku ileile plasta ilipokauka. Mtu mwingine anakumbuka sura, mimi nakumbuka meno. Nikajitia hamnazo. Nilidhani unasaga meno usiku kwa hofu ya mtihani wako, na unaona haya kuniambia, nikasema acha nimtunzie heshima yake. Nikakitengeneza kifuniko kwa mapenzi yote, nikakibana, nikakipandisha hadi ufizini.

Lakini kifuniko cha kuzuia kusaga meno hakiunguzi ufizi. Nimesoma barua yako mara tatu kwenye benchi langu. Umeweka nini humo? Niambie jina la dawa, umeinunua wapi, na umeivaa saa ngapi. Na kama kuna mwanamume anayedai meno meupe, mlete kwangu nianze kuyatazama yake.

Shangazi yako

———

17 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Hakuna mwanamume. Ingekuwa mwanamume ningekuwa nimeshamwacha.

Ni ile picha ya makasha. Meneja alilisema lile neno kwa mara ya kwanza Januari, kabla sijakuandikia. Mara ya pili alilirudia tu. Nilikwenda nyumbani nikajitazama kwenye kioo, nikaona meno ya mtu aliyetafuna magome. Nikajisemea nitashinda vikombe vyote arobaini halafu watampa Tai kwa sababu ya mdomo.

Mama wa saluni aliniuzia jeli ya peroksaidi ya kung'arishia meno, ile kali wanayotumia wenyewe. Sanduku limeandikwa nusu saa, mara moja kwa siku. Mimi nilijaza kifuniko chako hadi kikafurika, nikalala nacho hadi asubuhi, usiku kumi mfululizo. Mchana nilikuwa nikisugua meno kwa ndimu na unga wa magadi, kwa kuwa yule mama alisema inaongeza mng’ao. Sitakudanganya, yaling’aa. Siku ya kumi nilicheka na kila mtu niliyekutana naye barabarani, hata nisiowajua.

Halafu yakaanza. Unajua tunavyoonja: kijiko kimoja cha chai ya moto, unakivuta kwa nguvu pamoja na hewa hadi kinapiga mluzi, kinatapakaa mdomo mzima, unatema kwenye ndoo. Moto na hewa kwa pamoja. Kikombe cha kwanza asubuhi ile niliona nyota. Kilikuwa kama waya wa umeme umechomekwa kwenye fizi.

Nikaanza kuiacha chai ipoe. Nilijifanya naandika, nasafisha kijiko, natafuta miwani ambayo sivai. Chai iliyopoa inaficha, Shangazi. Ile shehena ya moshi ilinipita hivyo, mtu yeyote angeinasa ikiwa ya moto. Nimepewa barua ya onyo. Kosa jingine moja kabla ya tarehe 14 na jina langu linafutwa, narudi kwenye gundi na makasha.

Na la kuchekesha ni kwamba meno yenyewe yanarudi kahawia. Haraka kuliko zamani, tena kwa mabaka.

Maji yamenifika shingoni. Nimefikiria kujitoa kwa heshima, niseme naumwa. Utaniona mwoga?

Mimi, bila rafiki

———

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hujitoi.

Hilo la kwanza nimeliandika peke yake ili ulione hata ukiitupa barua iliyobaki.

Sasa sikiliza, nikueleze kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaoletwa karakanani. Jino kwa nje limevaa enameli, gamba gumu kuliko mfupa wowote ulio nao. Ni gumu lakini lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Peroksaidi hupita humo, ikafika ndani kwenye ile sehemu ya manjano, ikaivunjavunja rangi. Ndiyo kazi yake. Kwa kipimo chake na chini ya macho ya daktari, wengi huumwa siku mbili tatu wakapona. Wewe uliilaza humo usiku mzima. Ikishapita kiasi inalegeza madini ya gamba, inaliacha likiwa na mikwaruzo, na inafika karibu na neva inayolala katikati ya jino. Hiyo ndiyo shoti yako. Kisha ukaleta ndimu, na asidi ya ndimu inalila gamba lenyewe. Kisha ukaja na magadi ukakwangua kilicholainika. Mtu angetaka kukuharibu asingepata mpango mzuri zaidi.

Kwa kuwa nakujua hukubali kitu mpaka ukionje, nimekufanyia jaribio. Nimechukua jino moja zima kwenye chupa ya meno yaliyong’olewa, nikalikata katikati kwa msumeno wangu. Nusu moja nimeiweka kwenye jeli na ndimu siku mbili, nusu nyingine kwenye maji. Halafu zote mbili nikazitia kwenye chai nzito. Nusu mbili hizo zimo humu ndani ya pamba. Tazama ipi imekunywa chai zaidi. Pitisha na ukucha usikie. Gamba lililokwaruzwa, rangi inapata pa kushika, ndiyo maana yako yanarudi kwa kasi.

Na hapa nami nina la kutubu. Kifuniko kilichoshika ile dawa ufizini usiku kumi nilikikata kwa mkono wangu. Ningekuuliza siku ile plasta ilipokauka, ungeona haya nusu saa na mambo yakaisha. Nimelia, na mimi silii ovyo.

Sasa matengenezo. Enameli haioti kama kucha, kilicholiwa kimeliwa. Lakini kilicholegea kinaweza kukazwa tena, kwa sababu mate yana madini na kila siku yanaweka kiraka. Kazi yako ni kuyasaidia. Jeli tupa. Ndimu iache jikoni. Magadi yarudishe kwenye vitumbua. Nimekutumia kifuniko kipya, kinaishia pale jino linapokutana na ufizi, wala hakipandi. Humo utatia dawa ya meno yenye floraidi, ile ya meno yanayouma, dakika kumi jioni, uteme na usisukutue. Mswaki laini. Kila baada ya safu ya vikombe, funda la maji ya vuguvugu. Na umwone daktari wa meno hapo kwenu akutazame kwa macho, mimi nakutazama kwa karatasi.

Siku ishirini na moja zimebaki. Zinatosha kwa mtu mtiifu, kwa hiyo jaribu kuwa mtiifu kwa mara ya kwanza maishani.

Na hayo meno ya kahawia ni sare yako ya kazi. Daktari wetu huku ana mgongo uliopinda, mimi nina masikio mabovu, wewe una meno ya chai. Anayetaka picha nzuri akapige ya maua.

Shangazi yako anayekupenda kwa hasira

———

4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Bahasha yako niliifungulia mezani wakati wa chakula cha mchana. Zile nusu mbili zikadondoka mbele ya Tai. Hakumaliza sahani yake.

Nimefanya yote, naapa. Daktari wa hapa alinichungulia, akasema ufizi umeshapona na sijatoboa kitu, ila nimejichosha gamba. Akauliza nani kanielekeza, nikamwambia ni shangazi yangu, akasema nikusalimie na kwamba hana la kuongeza.

Siku za kwanza nilikata tamaa. Siku ya tano niliweza kuvuta kijiko cha chai ya moto upande wa kushoto. Tangu juzi naweza pande zote, isipokuwa jino moja la juu kulia linalopiga kelele mara mojamoja.

Nilimwendea Mzee Kijiko nikamwambia ukweli wote, pamoja na ule ujanja wa kupoza vikombe. Nilidhani atanifukuza. Alifungua mdomo wake wote mbele yangu, nikaona meno ya rangi ya mlango wa ghala. Akasema, “Binti, mimi walinipiga picha mara moja tu, ya kitambulisho, na nilifunga mdomo.” Halafu akanirudisha mezani, akanivutisha vikombe vya moto hadi saa kumi, na kila nilipochelewa kuchota aligonga meza kwa kijiko. Ni mzee mkali asiye na huruma na nimempenda bure.

Bado naogopa. Nikishtuka mara moja tu mbele ya wale watu, yatakuwa yamekwisha.

Mtoto wa kaka yako

———

9 Aprili

Mwanangu,

Hii fupi ili ikuwahi. Nimewaambia wote kliniki. Daktari, yule binti wa mapokezi, hata bwana wa mwanya alipokuja kurekebishiwa. Tarehe 14 saa tatu asubuhi nitazima mashine yangu. Nitakaa kimya hadi saa sita. Haijawahi kutokea.

Vuta kwa kelele wakusikie huku. Nenda.

Shangazi

———

15 Aprili

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nitaanza mwanzo, ukiruka mistari shauri yako.

Meza ndefu chini ya madirisha, vikombe arobaini vyeupe, wanunuzi sita na madaftari yao, Meneja kavaa suti inayombana kwapa. Mzee Kijiko kasimama pembeni, yeye ndiye mwenye majibu. Maji yalikuwa kwenye mabirika mawili makubwa. Tai alianza. Alikwenda vizuri, sitamwonea. Alipofika vikombe vinane vya mwisho akasita, akavuta, akatema, akakunja uso. Vyote vinane alisema ni chai ya wakulima wadogo, na yote imechacha. Wanunuzi wakatazamana. Hao wakulima mkataba wao ulikuwa unaamuliwa siku hiyohiyo, kaya mia tatu na zaidi. Mnunuzi mmoja mama mnene alichota, akaonja, akatikisa kichwa, akafunga daftari.

Ikawa zamu yangu, vikamiminwa vikombe vipya kutoka mabirika yaleyale. Kikombe cha kwanza. Nikapiga moyo konde, nikavuta ikiwa ya moto kabisa, kwa mluzi wa kuamsha mtaa.

Hakuna kitu. Hakuna shoti. Chai tu! Nilikaribia kulia juu ya kikombe cha watu. Ladha zilinijia zote, kila moja na mahali pake, kama watu unaowajua wanaoingia mlangoni mmoja mmoja. Hiki cha bonde la mto. Hiki kimekaushwa mno. Hiki majani yake yalichumwa mvua ikinyesha. Nilikwenda mbio hadi Mzee Kijiko akaniashiria nipunguze.

Kisha vile vinane. Nikavuta cha kwanza: kweli, uchachu. Cha pili, uchachu. Lakini ulikuwa umekaa pembeni, haukuchanganyika na chai. Chai ilikuwa mbele, kali na safi, na uchachu unakuja nyuma yake peke yake. Nikavuta vyote vinane, nikarudia vyote vinane. Uchachu uleule, kwa kipimo kilekile. Mashamba manane hayawezi kukosea kosa moja, sawasawa, siku moja.

Nikasema, “Chai haina kosa. Birika ndilo lenye kosa.”

Meneja akacheka. Cheko la kuniomba ninyamaze. Akasema, “Labda meno yanakusumbua tena.” Kumbe habari ya zile nusu za jino mezani ilimfikia! Uso uliniwaka moto, lakini sikuinama. Nikasema naomba kuonja maji matupu ya mabirika yote mawili.  Birika la kwanza, maji. Birika la pili, lile lililojaza vile vinane vya mwisho, nikavuta, nikatema, nikampa yule mama mnene kijiko. Akaonja. Akafungua daftari lake.

Akaitwa mama wa usafi. Maskini, alikuja mbio. Alisema aliloweka birika la pili kwa siki tangu jana ili liondoke ukoko na ling’ae mbele ya wageni, na asubuhi akalisuuza mara moja tu kwa haraka. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia mama, mimi na wewe tumefanya kosa moja, sema mimi nilililoweka mdomoni.

Maji yakachemshwa upya, vikombe vinane vikatengenezwa upya. Wanunuzi wakapita mmoja mmoja. Sikuhitaji kusikiliza, niliwaona wakichota mara ya pili. Mtu hachoti mara ya pili chai asiyoitaka. Mkataba wa wakulima ulisainiwa palepale.

Mzee Kijiko akasoma majibu. Tai ishirini na sita. Mimi thelathini na nane kati ya arobaini. Halafu akasema kitu ambacho nitakufa nacho: “Na hata mimi nilipovionja asubuhi, nilidhani kosa ni la chai.” Alikisema kwa sauti, mbele ya wote, mzee yule asiyekubali kukosolewa hata saa yake ya ukutani.

Nimekuwa Mwonjaji Mkuu. Nimelia, nimecheka, nimempigia baba, amepiga vigelegele mwenyewe, mwanamume mzima.

Meneja akaja na mpiga picha. “Funga mdomo kidogo,” akasema. Nikamwonyesha yote thelathini na mawili, na pembe iliyokatika.

Mtoto wako

———

22 Aprili

Mwonjaji Mkuu,

Marahaba, marahaba, marahaba mara arobaini!

Barua yako nimeisoma kwa sauti karakanani, nimesimama juu ya kiti, na mimi nina kilo zangu. Binti wa mapokezi alipiga makofi hadi wagonjwa wakadhani kuna mtu kang’olewa bila maumivu. Bwana wa mwanya aliomba isomwe tena pale pa birika. Nimeisoma tena. Sauti imekauka.

Kuna jambo moja Daktari anasema, nami nakuuliza. Anasema si ajabu ule uchachu uliusikia kwa lile jino lako bovu la juu kulia, kwamba siki iligusa gamba lililochoka likakupigia kengele. Je, ni kweli? Kama ni kweli basi ile jeli ilikufaa, nami itanibidi ninyamaze, na sipendi kunyamaza.

Hapa Daktari ameacha kuwauzia watu jeli mkononi. Nilimwekea mezani kwake nusu mbili nyingine, za jino la pili nililolikata makusudi. Sasa anayetaka meno meupe anatazamwa kwanza, anapewa kipimo chake, na kifuniko nakikata mimi, kinaishia jino linapokutana na ufizi, tena kabla sijakikata namuuliza usoni anataka cha nini. Nimekuwa kero. Najivunia.

Nimezidiwa na furaha, mwanangu. Bibi yako angekuwepo angejidai yeye ndiye aliyeonja.

Shangazi wa Mwonjaji Mkuu

———

3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie Daktari asinitafutie sifa kwenye jeli. Jino halikusema lolote siku ile, lilikuwa limenyamaza kama la mtu mwingine. Ulikuwa ulimi, na miaka tisa, na kijiko cha Mzee kikigonga meza. Endelea kusema unavyotaka.

Jana ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza. Niliingia mapema, nikavaa aproni, nikajipanga mahali pangu pa siku zote, nafasi ya tatu kutoka mwisho wa meza. Chai ikamiminwa, mvuke ukapanda, vikombe sitini. Nikashika kijiko nikingoja watu waanze. Hawakuanza. Waonjaji wanne, Tai akiwa mmoja wao, wote wamesimama vijiko mkononi wakitazama chini. Nikadhani nimekosea kitu. Nikatazama maji, nikatazama saa.

Ndipo Tai akaninong’oneza, wala hakuwa na kinyongo: “Hakuna anayechovya kabla ya mkuu. Ndivyo ilivyo hapa. Tunakungoja wewe.”

Miaka sita nimechovya baada ya Mzee Kijiko, na sikuwahi kufikiria kwamba tulikuwa tunamngoja.

Nikaenda mwanzo wa meza. Kikombe cha kwanza kilikuwa bado kinatoa mvuke usoni. Sikukipoza. Nikachota kijiko kimejaa, nikavuta kwa kelele hadi dirisha likajibu, na chai ikapita juu ya meno yangu yote ikiwa ya moto vilevile.

Haikuuma. Ilikuwa tamu, Shangazi. Nikatema, nikasema, “Nzuri,” nao wakachovya.

Mwonjaji Mkuu